Mlima katika Bunge la Mapinduzi ya Ufaransa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Somo la Mapinduzi ya Ufaransa likishafika mwaka 1792, msomaji hukutana na majina mengi kwa mpigo: Mlima, Gironde, Wajakobini, Bwawa, Kamati. Hapa yamekusanywa maswali yanayorudiwa kuhusu mojawapo ya makundi hayo, Mlima. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Mlima walikuwa akina nani?

Mlima (kwa Kifaransa La Montagne) lilikuwa kundi la wabunge wa msimamo mkali katika Konventi ya Taifa, bunge lililokaa Paris kuanzia Septemba 1792 hadi Oktoba 1795. Konventi ndiyo iliyofuta ufalme tarehe 21 Septemba 1792 na kuifanya Ufaransa jamhuri. Wanamlima wanaojulikana zaidi ni Maximilien Robespierre, Georges Danton, Jean-Paul Marat, Louis Antoine de Saint-Just, Georges Couthon na Camille Desmoulins. Kundi hili lilishika usukani wa nchi kuanzia Juni 1793 hadi Julai 1794.

2. Jina hilo lilitoka wapi?

Lilitokana na viti. Ukumbi wa kwanza wa Konventi ulikuwa zamani mahali pa kufundishia farasi, karibu na kasri ya Tuileries, na mabenchi yake yalipanda ngazi kwa ngazi. Wabunge wakali walikaa safu za juu kabisa, upande wa kushoto wa mwenyekiti. Jina lilianza kusikika katika bunge lililotangulia, likazoeleka ndani ya Konventi. Wabunge wa katikati, waliokaa chini, waliitwa Uwanda; aliyetaka kuwakebehi aliwaita Bwawa. Mei 1793 bunge lilihamia ndani ya Tuileries kwenyewe, lakini majina yalibaki.

3. Je, kilikuwa chama cha siasa?

Hapana. Hakukuwa na kadi, ilani wala mwenyekiti wa chama. Wanasiasa wa wakati ule waliliona neno "chama" kama tusi, kwani kila mbunge alidai anasema kwa niaba ya taifa zima. Mtu alijulikana kuwa Mwanamlima kwa mahali alipokaa, kura alizopiga na wenzake aliosimama nao. Ndiyo maana iliwezekana kuhama taratibu: Bertrand Barère alianzia Uwandani, na miezi michache baadaye alikuwa msemaji mkuu wa serikali ya Mlima.

Jambo hili lishike vizuri, kwa sababu maswali mengi yanayofuata huzaliwa pale mtu anapowafikiria Wanamlima kama wabunge wa chama cha leo wenye nidhamu ya kura. Kilichowaunganisha ni mambo machache tu: ufalme usirudi, maadui washindwe vitani kwa gharama yoyote, na wananchi wa Paris wasikilizwe. Zaidi ya hapo walibishana, na hatimaye wakauana.

4. Walikuwa wangapi?

Konventi ilikuwa na wabunge 749. Kwa kuwa hapakuwa na orodha ya wanachama, wanahistoria huhesabu kwa kura na hotuba, na wengi wao huwaweka Wanamlima kati ya 250 na 300. Peke yao hawakufika nusu ya bunge. Walitawala kwa sababu Uwanda uliwapigia kura, na Uwanda ulipoacha, walianguka (tazama swali la 20).

5. Mlima na Wajakobini ni kitu kimoja?

Karibu, lakini hapana. Wajakobini walikuwa klabu iliyokutana katika nyumba ya zamani ya watawa kwenye mtaa wa Saint-Honoré, yenye wanachama, ada na matawi nchi nzima. Mlima ulikuwa kundi la wabunge ndani ya Konventi. Mwanzoni hata wapinzani wa Mlima walikuwa Wajakobini: Jacques Pierre Brissot, kiongozi wa upande wa pili, alifukuzwa klabuni Oktoba 1792. Baada ya hapo klabu ikawa mahali ambapo Wanamlima walijadili mambo jioni kabla ya kuyapeleka bungeni. Danton kwa upande wake alijengwa zaidi na klabu nyingine, ya Cordeliers.

6. Walikuwa makabwela?

La. Wengi walikuwa wanasheria. Robespierre alikuwa wakili Arras. Danton na Couthon pia walikuwa mawakili, na Couthon, aliyepooza miguu, alitembelea kiti cha magurudumu. Marat alikuwa daktari, Jacques-Louis David mchoraji mashuhuri. Saint-Just alichaguliwa akiwa na miaka 25, mdogo kuliko wote bungeni. Mlimani alikaa hata binamu wa mfalme, Duke wa Orléans, aliyejibadilisha jina akajiita Philippe Égalité.

Ukiwapanga Wanamlima na wapinzani wao kwa kazi na mali huoni tofauti ya maana. Tofauti ilikuwa kwamba hawa walikubali kuungwa mkono na makabwela na kulipa gharama ya kuungwa mkono huko, na wale walikataa.

7. Walitofautiana nini na Wajirondi?

Wajirondi waliitwa hivyo kwa sababu baadhi ya wasemaji wao hodari, akiwemo Pierre Vergniaud, walitoka mkoa wa Gironde wenye mji wa Bordeaux. Nao walikuwa wanamapinduzi na wanajamhuri. Vitabu vingi huwapanga kama "wapole" dhidi ya "wakali", na mpangilio huo unapotosha, kwa sababu waliosukuma Ufaransa iingie vitani dhidi ya Austria Aprili 1792 ni Brissot na wenzake. Aliyesimama kuipinga vita hiyo ni Robespierre, akionya kwamba hakuna taifa linalowapenda wahubiri waliobeba silaha.

Ugomvi wenyewe ulihusu Paris. Tarehe 10 Agosti 1792 wananchi wa Paris na askari wa kujitolea kutoka mikoani walivamia kasri na kumwangusha mfalme. Mwanzoni mwa Septemba umati uliingia magerezani na kuua wafungwa zaidi ya elfu moja. Wajirondi walianza kuuona mji huo kama tishio: wakataka uwe na uzito sawa na mkoa mwingine wowote kati ya mikoa 83, na bunge lilindwe na askari kutoka nje ya mji. Mlima, uliokuwa umezoa karibu viti vyote 24 vya Paris, uliona kwamba bila mji huo mapinduzi yangekuwa yamekwisha tangu zamani.

Chini ya ubishi huo kulikuwa na mkate. Wajirondi waliamini soko liachwe huru. Wengi wa Mlima nao waliamini hivyo moyoni, lakini walikuwa tayari kuweka imani hiyo kando njaa ilipobisha (swali la 12).

## Kupanda madarakani

8. Mlima ndio uliomuua mfalme?

Ndio uliosukuma zaidi, lakini kura zilikuwa za bunge. Saint-Just alifungua hoja Novemba 1792 kwa kusema kwamba haiwezekani kutawala kama mfalme na kubaki bila hatia. Kwake Louis XVI alikuwa adui wa kuondolewa, hata kesi haikuhitajika. Bunge liliamua kumshtaki hata hivyo. Januari 1793 lilimwona na hatia karibu kwa sauti moja, likakataa pendekezo la Wajirondi la kuipeleka hukumu kwa wananchi, kisha likapiga kura ya adhabu kwa kumwita mbunge mmoja mmoja jukwaani. Wabunge 387 walisema kifo, 26 kati yao wakiomba utekelezaji ujadiliwe. 334 walitaka adhabu nyingine au kifo chenye masharti. Ombi la kuahirisha lilishindwa kwa kura 380 dhidi ya 310. Louis alikatwa kichwa tarehe 21 Januari.

Wajirondi kadhaa walipiga kura ya kifo pia. Vergniaud, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao na aliyetangaza matokeo, alikuwa mmoja wao. Binamu wa mfalme, Philippe Égalité, alipiga kura ya kifo, na Novemba mwaka huohuo gilotini, mashine ya kukatia vichwa, ikamfikia naye.

9. Nini hasa kilitokea tarehe 31 Mei hadi 2 Juni 1793?

Masika ya mwaka ule mambo yaliharibika yote kwa pamoja. Februari Ufaransa ilitangaza vita dhidi ya Uingereza na Uholanzi. Machi wakulima wa Vendée, magharibi, waliasi walipotakiwa kutoa vijana wa jeshi. Aprili Jenerali Dumouriez, rafiki wa Wajirondi, alikimbilia kwa Waaustria. Bei ya mkate ikapaa. Wajirondi walijaribu kumfunga Marat kupitia Mahakama ya Mapinduzi. Mahakama ikamwachia, na umati ukamrudisha bungeni akiwa amebebwa mabegani. Mei wakaunda kamati ya kuwachunguza viongozi wa Paris, na Isnard, akiwa kwenye kiti cha mwenyekiti, akatishia kwamba bunge likiguswa Paris itafutwa, watu watafute kando ya mto Seine kama mji huo uliwahi kuwepo. Kumwambia hivyo mtu aliyekesha kwenye foleni ya mkate ni kumwasha.

Tarehe 31 Mei mitaa ya Paris iliinuka, lakini bunge halikutoa walichotaka. Jumapili ya 2 Juni walirudi na mizinga. Kamanda wa walinzi wa mji, François Hanriot, aliizingira Tuileries. Wabunge walitoka nje kwa maandamano wakitaka kupita; Hanriot akawaamuru wapiga mizinga wakae tayari. Wabunge walizunguka bustani, wakakuta kila njia imefungwa, wakarudi ndani. Couthon akatoa hoja kwamba Wajirondi wakamatwe, huku Marat akirekebisha orodha, akitoa jina hili na kuingiza lile. Wabunge 29 na mawaziri wawili waliwekwa chini ya ulinzi nyumbani kwao.

Hivyo Mlima uliingia madarakani kwa kura ya bunge iliyopigwa chini ya mdomo wa mzinga. Watetezi wao husema nchi ingevunjika vinginevyo. Huenda. Lakini somo la siku ile, kwamba mbunge anaweza kuondolewa na wenye silaha, lilijifunzwa na wengi, wakiwemo waliokuja kuwaangusha wao.

10. Makabwela wa Paris walikuwa sehemu ya Mlima?

Hapana, walikuwa washirika. Waliitwa sans-culottes kwa sababu walivaa suruali ndefu za kazi, tofauti na suruali za magotini za mabwanyenye: mafundi, wenye maduka madogo, vibarua, wachuuzi. Walikutana katika mabaraza 48 ya mitaa ya Paris. Walikuwa na wasemaji wao wakali kuliko Mlima, kama padri Jacques Roux, aliyelikaripia bunge Juni 1793 kwamba uhuru ni maneno matupu iwapo tajiri anaweza kumshindisha maskini njaa. Mlima ulichukua baadhi ya madai ya Roux, kisha ukamtia Roux mwenyewe gerezani, alikojiua mwanzoni mwa 1794.

11. Kamati ya Usalama wa Umma ndiyo Mlima?

Ni serikali iliyotoka ndani ya Mlima. Iliundwa Aprili 1793, Danton akiwa na sauti kubwa, na Julai alitoka. Robespierre aliingia tarehe 27 Julai. Tangu Septemba ilikuwa na watu 12, na kila mwezi Konventi ilibidi ipige kura kuwaongezea muda. Walifanya kazi usiku na mchana wakigawana majukumu: Carnot jeshi, Lindet chakula, Jeanbon Saint-André jeshi la majini, Barère kuripoti bungeni. Wabunge wengine wa Mlima walitumwa mikoani na kwenye majeshi wakiwa na mamlaka makubwa mno, na huko ndiko yalikofanyika mengi, mema na ya kutisha.

## Walichokifanya

12. Kweli waliweka bei elekezi?

Kweli, na zaidi ya kuelekeza, maana aliyevuka bei aliadhibiwa. Mei 1793 waliweka ukomo wa bei ya nafaka. Tarehe 29 Septemba, baada ya makabwela kuvamia bunge tena, walipitisha sheria ya ukomo kwa bidhaa zote muhimu: bei ya mwaka 1790 kuongeza theluthi moja. Mishahara nayo iliwekewa ukomo, ya 1790 kuongeza nusu. Vikosi maalumu vilitumwa vijijini kuwatoa walanguzi na nafaka walizoficha.

Ilisaidia? Mijini na jeshini, kwa kiasi: mkate ulipatikana, na noti za serikali zilizokuwa zinaporomoka zilitulia kwa muda. Vijijini wakulima waliichukia. Kisha ule ukomo wa mishahara, ambao Paris ilikuwa imeufumbia macho, ulitangazwa rasmi Julai 1794 na kushusha malipo ya mafundi wengi. Siku chache baadaye Robespierre alihitaji watu wa kumtetea.

13. Wakulima walipata nini?

Walipata kile walichokuwa wakikidai tangu 1789. Tarehe 17 Julai 1793 Konventi ilifuta ushuru wote wa kimwinyi bila fidia na kuamuru hati zake zichomwe. Bunge la kwanza la mapinduzi lilikuwa limetangaza mwisho wa ukabaila, lakini likawataka wakulima wanunue uhuru wao kutoka kwa makabaila. Juni mwaka huohuo ardhi za waliokimbia nchi ziliruhusiwa kuuzwa kwa vipande vidogo. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi ya Mlima iliyodumu kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote: hata wafalme waliporudi mwaka 1814, hakuna aliyethubutu kuufufua ushuru ule.

14. Basi walikuwa wakomunisti?

Hapana. Machi 1793 Konventi iliweka adhabu ya kifo kwa yeyote atakayependekeza kugawa ardhi yote kwa usawa, na Mlima haukuipinga. Ndoto yao ilikuwa nchi ya watu wenye mali ndogondogo, kila mtu na shamba au karakana yake. Walichofika mbali zaidi ni amri za Februari na Machi 1794, Saint-Just akiziwasilisha, za kuwapa maskini mali za maadui wa mapinduzi. Amri hizo hazikutekelezwa ila kidogo sana.

15. Katiba yao ya 1793 ilisemaje?

Ilipitishwa Juni 1793 na kuidhinishwa na wananchi kwa kura. Iliwapa wanaume wote haki ya kupiga kura, ikatambua haki ya elimu na ya msaada kwa wasiojiweza, na ikasema kwamba serikali ikivunja haki za watu, kuasi ni wajibu. Haikufanya kazi hata siku moja. Oktoba 1793 Konventi ilitangaza kwamba serikali itabaki ya kimapinduzi mpaka amani ipatikane.

16. Je, ndio waliofuta utumwa? Na amri yao iliwafikia watumwa waliotoka pwani ya Afrika Mashariki?

Konventi ilifuta utumwa katika makoloni yote ya Ufaransa tarehe 4 Februari 1794, Mlima ukiwa madarakani, na hoja ilitolewa na Mwanamlima, Levasseur. Sifa ya kwanza, hata hivyo, si yao. Watumwa wa Saint-Domingue, Haiti ya leo, waliasi Agosti 1791 na kupigana mpaka kamishna Sonthonax akatangaza uhuru upande wa kaskazini tarehe 29 Agosti 1793. Paris iliidhinisha kilichokuwa kimeshanyakuliwa. Sonthonax huyo alikuwa mtu wa Brissot, na Mlima ulikuwa umeagiza akamatwe. Kilichogeuza mambo ni kuwasili kwa wajumbe watatu wa Saint-Domingue: Dufay, mzungu, Mills, chotara, na Jean-Baptiste Belley, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa na kujinunulia uhuru. Walipokewa kwa shangwe, na kesho yake, baada ya hotuba ya Dufay, utumwa ulifutwa.

Guadeloupe amri ilitekelezwa. Katika Bahari ya Hindi, hapana. Visiwa vya Île de France (Mauritius) na Bourbon, ambacho Konventi yenyewe ilikipa jina jipya la Réunion mwaka 1793, vilikuwa na mashamba yaliyotegemea watumwa wa Madagaska, Msumbiji na pwani ya Waswahili. Mfaransa Morice alikuwa amefunga mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka 1776 wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Wakati wajumbe wawili wa Paris, Baco na Burnel, walipofika Île de France mwaka 1796 wakiwa na amri ya kufuta utumwa, walowezi waliwapakia melini na kuwafukuza baada ya siku chache. Napoleon akahalalisha utumwa upya mwaka 1802. Mauritius, ikiwa sasa chini ya Waingereza, ilisubiri hadi 1835, na Réunion hadi 1848.

17. Wanawake walifaidika?

Nusu nusu. Sheria za urithi za 1793 na 1794 ziliwapa watoto wa kike sehemu sawa na wa kiume, na hilo lilikuwa kubwa. Lakini wanawake hawakupewa kura. Klabu ya Wanawake Wanajamhuri, ya Pauline Léon na Claire Lacombe, ambayo ilisaidia kuwang'oa Wajirondi, ilifungwa pamoja na klabu zote za wanawake tarehe 30 Oktoba 1793. Hoja ya bungeni ilikuwa kwamba siasa haiendani na maumbile yao. Walipowahitaji barabarani hoja hiyo haikutajwa.

18. Walipiga marufuku dini?

Mlima uligawanyika. Fouché, mbunge wa Mlima aliyetumwa mikoani, alivua makanisa alama zake, na Novemba 1793 viongozi wa Paris waligeuza Notre-Dame kuwa Hekalu la Akili. Robespierre aliona huo ni upuuzi unaowatengenezea maadui bure, na kwake ukanaji Mungu ulikuwa anasa ya makabaila. Juni 1794 aliongoza sherehe ya Aliye Mkuu, akitembea mbele ya wabunge wenzake. Nyuma yake walikuwa wakimnong'ona.

## Damu

19. Watu wangapi waliuawa, na Robespierre alikuwa dikteta?

Waliohukumiwa kifo na mahakama katika Utawala wa Hofu, yaani kipindi cha mauaji ya 1793 na 1794, ni karibu 17,000, kati yao Paris ikiwa na kama 2,600. Ukiongeza waliouawa bila kesi na waliofia gerezani, makadirio ya kawaida ni 35,000 hadi 40,000. Vita ya Vendée huhesabiwa peke yake, na vifo vya pande zote mbili vinapita laki moja. Sehemu kubwa ya hukumu ilitolewa mahali palipokuwa na uasi: magharibi na bonde la Rhône. Nantes, mbunge Carrier alizamisha wafungwa mtoni Loire. Lyon, Collot d'Herbois na Fouché waliua zaidi ya 1,600.

Robespierre alikuwa mmoja wa watu 12, na hakuwa na jeshi wala hazina. Nguvu yake ilikuwa sauti: klabu ya Wajakobini ilimsikiliza, Paris ilimwita Asiyehongeka, na aliishi kwa kupanga nyumbani kwa seremala. Mwaka 1791 alikuwa ametetea kufutwa kwa adhabu ya kifo. Hayo hayampunguzii lolote kuhusu sheria ya tarehe 10 Juni 1794, iliyowasilishwa na Couthon huku Robespierre akiitetea: mshtakiwa alinyimwa wakili, na mahakama ikabaki na chaguo mbili, kuachiwa au kifo. Ufaransa ilikuwa inaanza kushinda vita; ushindi wa Fleurus ulikuja siku 16 baadaye. Kisingizio cha hatari kilikuwa kinapungua huku wanaouawa Paris wakiongezeka, zaidi ya 1,300 katika wiki saba zisizotimia.

Na Danton? Alitaka hofu ilegezwe, na Desmoulins akaandika hivyo gazetini. Kamati iliwapiga kwanza wakali wa mwandishi wa gazeti Hébert, waliokatwa vichwa kwa gilotini tarehe 24 Machi 1794, kisha Danton na wenzake tarehe 5 Aprili. Danton hakuwa malaika, fedha zake zilikuwa na maswali, lakini kesi yake ilikuwa ya aibu: alipoanza kujitetea kwa sauti ile yake, Konventi iliharakisha amri ya kumtoa nje ya ukumbi wa mahakama asiendelee kujitetea.

## Kuanguka

20. Nani alimwangusha Robespierre?

Wanamlima wenzake. Tarehe 26 Julai 1794 alihutubia akisema kuna wahaini zaidi bungeni, na akakataa kuwataja, kwa hiyo kila aliyekuwa na doa alijiona yeye. Fouché, Tallien na Barras, waliokuwa na damu au fedha mikononi kutoka mikoani, walishirikiana na Billaud-Varenne na Collot, wakali wa Kamati yenyewe. Kesho yake, 9 Thermidor kwa kalenda yao (tazama swali la 23), walimzomea asiweze kusema, na Uwanda ukapiga kura akamatwe. Viongozi wa mji wa Paris walimtorosha na kuita mitaa imtetee. Watu wachache walikuja, wakasubiri amri isiyotolewa, wakaondoka usiku. Mkate, mishahara (swali la 12), klabu zilizofungwa, kuuawa kwa viongozi wao: makabwela hawakuwa na sababu ya kubaki. Robespierre, Saint-Just, Couthon na wengine, jumla watu 22, walikatwa vichwa tarehe 28 Julai bila kesi.

21. Mlima uliisha siku hiyo?

Hapana. Waliobaki walipungua na kupewa jina la Kilele. Klabu ya Wajakobini ilifungwa Novemba, ukomo wa bei ukafutwa Desemba, na majira ya baridi yaliyofuata Paris ilikuwa na njaa mbaya kuliko ya 1793. Tarehe 20 Mei 1795 makabwela walivamia bunge wakidai mkate na Katiba ya 1793, na wakamuua mbunge Féraud. Wanamlima wachache waliosimama nao siku ile walishtakiwa. Sita walihukumiwa kifo tarehe 17 Juni. Wakitoka chumba cha hukumu walijichoma kisu wakipokezana. Watatu walikufa, akiwemo Gilbert Romme, na watatu wakapelekwa kwenye gilotini wakiwa majeruhi.

22. Waliopona waliishia wapi?

Wengine pazuri ajabu. Fouché alikuwa waziri wa polisi wa Napoleon. David alichora kutawazwa kwake. Carnot akawa waziri wake. Collot alifia uhamishoni Cayenne mwaka 1796. Billaud-Varenne alifia Port-au-Prince mwaka 1819. Mwaka 1816 wengi wa waliopiga kura ya kumuua mfalme walifukuzwa nchini, na ndivyo David alivyofia Brussels. Barère, aliyejua kuhama viti kuliko wote, aliishi mpaka 1841.

## Maswali ya pembeni

23. Kwa nini tarehe zao zina majina kama Thermidor?

Oktoba 1793 Konventi ilianzisha kalenda mpya iliyohesabu miaka kuanzia Jamhuri: miezi 12 ya siku 30, wiki ya siku kumi, na siku za ziada mwishoni. Romme ndiye aliyeiandaa. Majina ya miezi yalitungwa na Fabre d'Églantine. Thermidor ni mwezi wa joto. Wafanyakazi hawakuipenda, kwa sababu mapumziko yalipungua kutoka siku moja kati ya saba hadi moja kati ya kumi. Ilifutwa mwanzoni mwa 1806.

24. Yule aliyeuawa kwenye beseni la kuogea ni nani?

Marat. Alikuwa na ugonjwa wa ngozi uliomfanya akae majini kwa saa nyingi huku akiandika gazeti lake. Charlotte Corday, msichana kutoka Caen aliyewaunga mkono Wajirondi, alimchoma kisu tarehe 13 Julai 1793. Picha maarufu ni ya David, mbunge mwenzake wa Mlima.

25. Nimesoma kuhusu Mlima wa mwaka 1849. Ni haohao?

Ni jina la kurithi. Katika Jamhuri ya Pili wabunge wa kidemokrasia na kisoshalisti, wakiongozwa na Alexandre Ledru-Rollin, walijiita Mlima na kupata viti karibu 200 Mei 1849. Mwezi mmoja baadaye waliitisha maandamano kupinga jeshi la Ufaransa kupelekwa Rome. Yalitawanywa siku hiyohiyo, na Ledru-Rollin akakimbilia London.

26. Je, Paris ina mtaa wa Robespierre?

Danton ana mtaa na sanamu, pale Odéon. Robespierre hana mtaa ndani ya Paris. Ukitaka kuliona jina lake, panda metro namba 9 kuelekea mashariki mpaka Montreuil, nje kidogo ya mpaka wa mji, ushuke kituo cha Robespierre.